Kazi ya Dula: Kukaa na Mama, na Kudumu Kazini

Ndugu wanafunzi, na wakunga mliokubali kuketi nasi leo, karibuni. Nitazungumzia huduma kwa mama pamoja na riziki ya anayeitoa, mambo ambayo mafunzo mengi huyatenganisha. Kwangu ni jambo moja. Dula, yaani msaidizi asiye mkunga anayemfariji mama wakati wa uzazi, kazi yake ni kukaa na mama bila kuondoka, na mtu aliyechoka au aliyezongwa na madeni hawezi kukaa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Faida ya kukaa huko imepimwa. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwasaidia mfululizo walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, upasuaji ukapungua, na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na mtu anayemtaka mwenyewe pembeni yake wakati wa uchungu na wa kujifungua. Mkunga ana wazazi wengine, ana fomu za kujaza, na zamu yake inaisha. Dula ana mama mmoja tu.

Sasa, unafanya nini ukiwa hapo? Mara nyingi uchungu hukaa kiunoni, hasa kisogo cha mtoto kikielekea mgongo wa mama. Weka kiganja, upande wa karibu na kifundo cha mkono, kwenye mfupa bapa ulio juu kidogo ya makalio, ukandamize kwa uzito wa mwili wako tangu uchungu unapoanza mpaka utulie. Mwulize: juu kidogo, chini, niongeze nguvu? Madula wachanga husugua badala ya kukandamiza. Kusugua kunakera ngozi na hakufiki panapouma, na ukitumia nguvu za mikono peke yake utachoka baada ya saa moja.

Msaidie kubadili mkao kila nusu saa hivi: asimame, aegemee, apige magoti, alale ubavu. Asilale chali muda mrefu, kwa sababu mji wa mimba hukandamiza mishipa mikubwa ya damu na damu inayomfikia mtoto hupungua. Mkumbushe kwenda haja ndogo kila baada ya saa mbili hivi hata kama hajisikii, maana kibofu kilichojaa huweza kuzuia kichwa kushuka. Hili husahaulika kuliko yote, na halikugharimu kitu.

Mipaka yetu iko wazi. Dula hapimi njia, hapimi presha, hatoi dawa wala mitishamba ya kuharakisha uchungu, na hajibu kwa niaba ya mama. Mama akipendekezewa jambo, msaidie aulize mwenyewe: je, hii ni dharura, kwa nini inahitajika, kuna njia gani nyingine, na tukisubiri itakuwaje? Dula anayebishana na mkunga juu ya kitanda humwacha mama katikati ya kambi mbili, na hofu hiyo inamzidishia maumivu. Baada ya kujifungua, pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, au akipata maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, homa au degedege, aende hospitali papo hapo. Asisubiri siku yako ya kumtembelea.

Tuje kwenye riziki. Mama mmoja huweza kuchukua saa 30: kumtembelea mara mbili kabla ya kujifungua, uchungu wenyewe, kumtembelea mara mbili baadaye, simu na safari. Lakini hesabu ya saa inaacha nje sehemu nzito kuliko zote, nayo ni kusubiri. Kuanzia wiki ya 38 mpaka ya 42 simu haizimwi, huendi mbali, na watoto wako wana mtu wa kuwaangalia usiku wowote. Hicho ndicho mnachosahau kukiweka kwenye bei.

Hesabu hivi. Ukipokea akina mama wawili kwa mwezi na kupumzika miezi miwili, unapata 20 kwa mwaka. Chukua mahitaji yako ya mwaka, ongeza nauli, kodi, mafunzo na malipo ya dula wa akiba anayekupokea ukichoka, kisha gawanya kwa 20. Kiasi hicho kikizidi uwezo wa wateja wako, usiongeze idadi ya uzazi. Ukifika wanne kwa mwezi, wawili kushikwa na uchungu kwa pamoja si ajabu tena. Ongeza kazi zenye saa maalumu: zamu za kumhudumia mzazi nyumbani, au madarasa ya wajawazito. Wanaohitaji punguzo nao watengewe nafasi katika hesabu, tuseme watatu kati ya hao 20, mapema, ili huruma isikufilisi.

Mkataba uwe wa maandishi. Nusu ilipwe wakati wa kusaini, iliyobaki kabla ya wiki ya 37, kwa kuwa kudai fedha mlangoni kwa mtu mwenye kichanga ni aibu kwenu nyote. Uandike itakuwaje mtoto akizaliwa kabla hujafika, au upasuaji ukipangwa, na ni baada ya saa ngapi dula wa akiba atakupokea. Mimi napendekeza 12. Mama akutane naye mapema, la sivyo usiku huo ataingiliwa na mgeni.

Uzazi ukiwa mgumu, ongea na dula mzoefu siku chache zijazo bila kumtaja mama kwa jina, kabla hujampokea mwingine.

Sasa tufungue maswali. Wakunga waanze, maana ndio wanaotuona tukiwa kazini.