TSH imepanda kidogo: usivikimbilie vidonge, wala usivikimbie

Habari zenu, ndugu zangu wa huko nyumbani. Leo tunaingia shingoni moja kwa moja, kwenye tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koo chini ya kikoromeo. Tangu niseme kwamba huku nafanya kazi maabara, simu yangu imejaa picha za majibu. Nyingine zimepigwa gizani, nusu ya karatasi imekunjwa, na swali ni lile lile: "Dada, hii H nyekundu ndiyo nimekwisha?"

Hujakwisha. H ni alama ya mashine kwamba namba imevuka kiwango cha maabara ile. Mashine haijui una miaka mingapi, wala kama una ujauzito, wala kama wiki iliyopita ulikuwa umelazwa.

Mama mmoja kaniruhusu nitumie majibu yake bila jina. TSH 6.8, T4 huru 14. Kaambiwa aanze dawa kesho yake, na ni za maisha. Haya, tuyasome.

TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi itengeneze homoni. Ni nyapara huyo. Kibarua akilegea, nyapara anapaza sauti. Kibarua akipitiliza, nyapara ananyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, mara nyingi thairoidi ndiyo imelegea. Wengi wenu mnaisoma kinyume, mnaona TSH imepanda mnadhani homoni zimezidi. Na nyapara huyu ana masikio makali: T4, homoni ya thairoidi, ikishuka kidogo, hata ikiwa bado ndani ya kiwango, TSH inaruka juu kwa kiasi kikubwa zaidi. Ndiyo maana maabara nyingi huanza na TSH.

T4 ndiyo homoni inayotolewa kwa wingi na tezi, kisha mwili unaigeuza kuwa T3, yenye nguvu zaidi. Neno "huru" linamaanisha ile isiyoshikwa na protini za damu. Ukishukiwa kwamba thairoidi imelegea, kipimo cha T3 hakikuambii kitu kikubwa, maana kinaweza kubaki sawa hadi hali iwe mbaya. Uliza sababu kabla hujakilipia.

Sasa angalia herufi ndogo zilizo pembeni ya namba. Mwingine aliniandikia kwa furaha kwamba T4 yake imepanda kutoka 1.1 hadi 14. Haijapanda hata chembe! Maabara ya kwanza iliandika ng/dL, ya pili pmol/L. 1.1 ya kwanza ndiyo 14 ya pili. Kila mara linganisha namba yako na kiwango kilichochapwa kwenye karatasi hiyo hiyo, usichukue kiwango cha jirani.

Turudi kwa mama yetu. Kwa mtu mzima, TSH huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, kwa hiyo 6.8 iko juu. T4 yake iko sawa kabisa. Maana yake tezi inasukumwa zaidi lakini kazi bado inafanyika. Hapo mimi sioni haraka ya kesho. TSH hupanda kidogo mtu anapopona ugonjwa mwingine, huwa juu zaidi usiku kuliko mchana, na husogea juu umri unapokwenda. Kinachotakiwa ni kurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, ikiwezekana saa zile zile, na kuongeza kipimo cha kingamwili za TPO, yaani askari wa mwili wanaoilenga thairoidi. Zikionekana, inaelekea ni ugonjwa wa Hashimoto, ambao daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912: kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe. Mwenye kingamwili hizo ana uwezekano mkubwa zaidi wa TSH kuendelea kupanda.

Ikirudiwa ikawa 10 au zaidi, madaktari wengi watakupa levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, na mimi ningemeza. Kati ya 4 na 10 ndipo penye mjadala. Kama una uchovu, baridi, choo kigumu, hedhi imevurugika, mnaweza kukubaliana na daktari mjaribu dawa kwa miezi kadhaa. TSH ikishuka na wewe hujaona tofauti yoyote, basi tatizo lilikuwa jingine, na kuacha ni jambo la kuzungumza naye. Uchovu una mama wengi. Upungufu wa damu ni mmoja wao. Kwa wazee ndiyo kabisa: utafiti uliochapishwa 2017, wenye watu 737 wa miaka 65 na kuendelea, haukuona dawa ikiwapunguzia dalili hawa wenye TSH iliyopanda kidogo. Na dozi ikizidi, moyo unaweza kwenda mbio bila mpangilio na mifupa ikapungua.

Ila mwenye ujauzito, au anayeutafuta, hayuko kwenye mazungumzo haya ya kusubiri. Aende mapema. Na kama tayari anameza levothairoksini, asiache. Mara nyingi dozi huongezwa, maana mtoto tumboni anategemea homoni za mama miezi ya mwanzo.

Ukianza vidonge, meza tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali, vipishane kwa muda wa saa nne hivi. Kisha pima baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu dawa inatulia polepole mwilini. Kupima baada ya siku kumi ni kujitia presha bure.

Na wale wa vidonge vya nywele na kucha: vingi vina bayotini, aina ya vitamini, kwa wingi, na bayotini huvuruga baadhi ya mashine zetu, TSH ikatoka chini na T4 juu kana kwamba tezi imepamba moto. Mwambie anayekutoa damu. Kwa kawaida huambiwa uache siku mbili au zaidi kabla.

Tezi ikipitiliza kweli, TSH iko karibu na sifuri, T4 au T3 juu, moyo unadunda, mikono inatetemeka, mwili unakonda: hiyo usiikalie. Hapa T3 ni muhimu, na chanzo kijulikane kwanza, kwa sababu tezi iliyovimba na kuvujisha homoni haihitaji dawa ya kuizuia. Ikiwa ni ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili inaichochea tezi ipitilize, njia ni tatu. Kabimazoli, kidonge cha kuizuia tezi isitengeneze homoni, mara nyingi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ugonjwa unaweza kurudi. Madini joto yenye mionzi, ambayo mjamzito hapewi kamwe, na wengi huishia kumeza levothairoksini. Au upasuaji, kwa mkono wa mzoefu, maana mshipa wa sauti na tezi za kalsiamu viko hapo hapo. Uliye kwenye kabimazoli, ukipata homa na koo kuuma, acha kidonge, nenda siku hiyo hiyo upimwe chembe nyeupe za damu. Usisubiri kesho, na usinitumie picha mimi kwanza.