Podikasti: Kiangazi cha kwanza na kishamba cha familia

KAKA: Haya karibuni tena. Leo tunaongea na wale walioanza tu, yaani familia ina kishamba kidogo hapo nyumbani, kuku kadhaa, matuta ya mboga, na sasa jua ndo limeanza kuwaka kweli. Dada, tuanzie wapi?

DADA: Kwenye maji kaka, manake kiangazi ni maji, mengine yanafuata. Mtu anauliza aweke mbolea gani nyanya zinaoza kitako, kumbe mara nyingi mbolea wala haina shida, ni maji tu leo mengi kesho hakuna. Kalsiamu ipo kwenye udongo ila inasafiri na maji, yakikatika haifiki kwenye tunda, ndo unaona lile doa jeusi chini.

KAKA: Na wengi wananyunyizia juu juu kila jioni.

DADA: Ndo hapo sasa! Ukinyunyizia kidogo kidogo mizizi inabaki juu, palepale panapoungua. Bora umwagilie mara chache, asubuhi mapema, maji yazame. Hesabu yake nyepesi, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mboga zikitaka kama milimita 25 kwa wiki hiyo ni lita 25 kwa kila mita ya mraba, na joto likizidi zinataka zaidi. Piga hesabu ya matuta yote kabla hujaongeza lingine, uone kama tanki lako linatosha.

KAKA: Na matandazo?

DADA: Aisee, hayo ya lazima. Nyasi kavu au majani makavu, unene sentimita 5 mpaka 10, usizibe shina tu. Saa nane mchana weka kiganja kwenye udongo ulio wazi, halafu funua matandazo hapo jirani uguse, utaona tofauti mwenyewe.

KAKA: Mimi nije kwa kuku, manake hawa ndo wananiuma roho. Kuku hatoi jasho, anapoa kwa kuhema mdomo wazi na mabawa kayaachia mbali na mwili, na ule upanga wa kichwani nao unatoa joto. Sasa akihema sana kaboni dioksaidi inamtoka nyingi, damu inabadilika, kalsiamu ya kutengeneza ganda inapungua, unaokota yai ganda jembamba linapasuka mkononi. Halafu watu wanasema chakula kibaya.

DADA: Na chakula chenyewe kwenye joto anapunguza kula.

KAKA: Hasa. Ila maji anaweza kunywa hata mara mbili ya kawaida, kwa hiyo chombo kikae kivulini, maji yakipata moto anayaacha. Hii kazi mpe mtoto, achovye kidole, akikuta yamepata moto amwage aweke mengine, na mchana arudi tena. Ni kazi ya kweli, kuku wanamtegemea, na mtoto analijua hilo.

DADA: Nimeipenda hiyo. Watoto wakipewa jukumu lenye maana wanalishika. Kitu kingine haraka, joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku nako hakupoi, maua ya nyanya yanadondoka kwa sababu chavua inashindwa kazi. Usiung'oe mmea jamani, joto likishuka utashika tena.

KAKA: Na ratiba? Nionavyo mimi familia nyingi zinachokea hapa.

DADA: Kazi nzito alfajiri, ikifika saa nne wote kivulini, mnarudi jua likipoa. Mchana lala, cheza na watoto, chambua mbegu. Na tafadhali usilete mnyama mpya katikati ya joto, mbuzi asubiri majira yageuke, safari yenyewe kwenye joto inamchosha na wewe mikono imejaa.

KAKA: Na mtu ambaye kuku wake anahema vibaya sasa hivi tunavyoongea?

DADA: Aende saa hii hii. Amhamishie kivulini penye upepo, amsimamishe miguu kwenye beseni la maji ya baridi kiasi, sio ya barafu, amwekee na ya kunywa karibu, sisi atatusikiliza baadaye.