Mazingira ya Chaguo-msingi: Yawepo au Yasiwepo?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga kufundisha mambo matatu: kuendesha sehemu tu ya mradi, kutunza nywila, na kurudisha toleo la awali mambo yakiharibika. Kabla ya hayo, Baraka, tueleze habari za mradi uliokabidhiwa wiki hii, maana uliponipigia simu hukuwa na raha.

BARAKA: Sikuwa na raha hata kidogo, dada. Ni mradi wa dbt, zana ya kugeuza data ghafi kuwa majedwali ya ripoti, unaoendeshwa kila usiku na mfumo wa kiotomatiki, na kila asubuhi mfumo huo ulionyesha kijani ilhali majedwali ya ripoti yalikuwa na takwimu zilizopitwa na wakati. Nilipofungua logi nikakuta jaribio moja la modeli ya mwanzo, yaani hoja inayojenga jedwali la mwanzo, limeshindwa, na kwa kuwa amri ya dbt build huziruka modeli zote zinazotegemea ile iliyoshindwa, sehemu kubwa ya mradi haikuguswa kabisa.

ZUHURA: Kijani kilitoka wapi, basi?

BARAKA: Aliyeandika skripti alitaka matokeo yaonekane kwenye skrini na pia yahifadhiwe kwenye faili, kwa hiyo akayapitisha kwenye tee, amri inayofanya yote mawili. Amri ya dbt ilimaliza kwa namba 1, yaani imeshindwa. Tee ikaandika faili yake salama na kumaliza kwa 0. Na Bash, programu inayoendesha skripti, isipoelekezwa vinginevyo hutoa namba ya amri ya mwisho peke yake. Niliongeza set -o pipefail juu ya skripti, ili amri yoyote ya mnyororo ikishindwa wote uhesabiwe umeshindwa, na usiku uleule mfumo ukaonyesha nyekundu.

ZUHURA: Je, amri hiyo ya dbt ilitaja mazingira inayoyalenga, ya majaribio au halisi?

BARAKA: Haikutaja, ilitegemea chaguo-msingi, yaani mazingira yanayotumika usipotaja yoyote.

ZUHURA: Hilo silikubali. Faili ya profiles.yml, inayoorodhesha mazingira na chaguo-msingi, kwa kawaida hukaa kwenye folda ya mtumiaji, nje ya mradi, kwa hiyo amri ileile ya dbt run inaweza kuandika kwenye mazingira ya majaribio katika kompyuta yangu na kwenye mazingira halisi katika yako. Kila amri inayobadilisha data inapaswa kutaja --target waziwazi, na isipotajwa ikatae kufanya kazi.

BARAKA: Tatizo hilo ni la mahali faili ilipo. Katika mradi wa Databricks, jukwaa la data la mtandaoni, chaguo-msingi huandikwa ndani ya databricks.yml, faili iliyomo mradini, hupitiwa na timu nzima, na likiwa katika hali ya development, yaani ya utengenezaji, majina ya kazi hupachikwa jina la mtumiaji na ratiba zote husimamishwa. Anayesahau kutaja mazingira huangukia mahali salama.

ZUHURA: Huangukia salama leo, hadi siku mtu atakapobadilisha mstari mmoja na mwenzake aupitishe bila kuusoma.

BARAKA: Na ukiwalazimisha watu kuandika amri ndefu, hawataiandika. Watabonyeza mshale wa juu, waite amri ya mwisho pamoja na --target prod yake, yaani mazingira halisi, labda na --full-refresh inayofuta jedwali na kulijenga upya, kisha wabonyeze Enter. Urefu wa amri haumfanyi mtu awe mwangalifu.

ZUHURA: Lakini neno prod liko mbele ya macho yake, na litabaki kwenye historia ya terminali kwa atakayechunguza baadaye. Amri isiyotaja mazingira haimwachii mchunguzi chochote. Isitoshe, ufunguo wa mazingira halisi haupaswi kuwa kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Uwe kwa mfumo wa kiotomatiki tu.

BARAKA: Mfumo huo ukikwama usiku wa kufunga hesabu, nani atapeleka rekebisho?

ZUHURA: Mfumo utengenezwe kwanza.

BARAKA: Huku ripoti zikisubiri? Hapana, dada, hapo sipo pamoja nawe.

ZUHURA: Nami sirudi nyuma. Ripoti iliyochelewa huombewa radhi, lakini jedwali lililofutwa na mtu mwenye usingizi huenda lisirudi.

BARAKA: Na mtu mwenye usingizi ndiye hasa anayehitaji chaguo-msingi lililo salama.

ZUHURA: Tumebakiwa na dakika moja, na masomo yote matatu hatujayagusa. Wasikilizaji, tuwieni radhi, tutayaleta kipindi kijacho. Kwa leo, kagueni kila skripti inayopitisha matokeo kwenye tee. Na wewe, Baraka, skripti ile ya usiku utaiongezea --target?

BARAKA: Nitaihamishia profiles.yml ndani ya mradi.

ZUHURA: Sikuuliza hilo.