Likidatere si mwenye nyumba: mazungumzo na familia za Katuba

Ba papa, ba mama, ba yaya na badogo, jambo kwenu bote. Asante kwa kuja na hii joto, na bale banasimama kule ku mulango basogee, kiti ziko hapa mbele.

Mbele niongee sheria, angalieni kwanza hii karatasi. Ni livrete ya lojere, karatasi ya nyumba ya wakati ya Babeleji, ya nkambo yangu, ule mwenye alizaa baba. Imekunjwa mara nne mupaka pa mikunjo imetoboka, jina yake iliandikwa na wino ya bluu, chini iko namba ya parseli, ni kusema kiwanja, na muhuri ambayo sasa ukitaka kuisoma lazima uipeleke ku mwanga. Bankambo betu hapa Katuba, mu Lubumbashi, bengi balijenga miaka ya 1950, Serikali ya Babeleji iliwakopesha feza, fon davanse balikuwa banaiita, halafu balikuwa banarudisha kidogo kidogo mwezi kwa mwezi. Kule Ruashi ilikuwa OCA, ile ofisi ya Babeleji ya kujenga nyumba, ilianza 1952, nyumba zilijengwa kwa mistari mamoja kwa mamoja na muntu alilipa polepole. Donke hizi nyumba zilitoka mu jasho. Nkambo alikufa, baba yetu akabakia mule ndani na sisi, baba naye akafa, na miaka hiyo yote hakuna hata mumoja aliyegusa hii karatasi. Nyumba ilibakia na jina ya muntu mwenye iko mu kaburi. Njo pale shida yetu ilianzia.

Siku ya ine ya kilio ya baba, chini ya bashi, ile turubai ya kilio, familia ikakaa. Baba mudogo ndiye alisoma kupita bengine, anajua Kifaransa ya ku biro, basi kila muntu akasema yeye njo awe likidatere, muntu wa kusimamia na kugawanya mali ya marehemu. Tukaandika pevee, karatasi ya mapatano ya familia, tukasinye. Mimi nilisinye bila kusoma, nilikuwa na macho yenye machozi na mama alikuwa amelala ku mukeka hata kuongea hawezi. Akaenda ku tribinali, akapata jijema yake, karatasi ya hukumu, sisi tukashukuru. Kisha, muda kidogo ukapita, asubuhi moja tukaona muntu ameingia mu parseli na kamba ya kupimia, anaanza kupima toka ku muembe mupaka ku ukuta ya jirani. Tunamuuliza papa wewe ni nani, anasema mimi nilinunua hii nusu ya nyuma. Nani alikuuzisha? Mwenye nyumba. Na kweli alikuwa na kopi ya sertifika, karatasi ya Serikali yenye kuonyesha mwenye parseli, na jina mule ndani ilikuwa ya baba mudogo peke yake.

Sasa musikie vizuri, juu hapa njo bantu banapotea. Likidatere ni muntu banapatiaka kazi: kuhesabu mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawanya, kutoa hesabu, basi. Ni kama ule muntu mu safari mwenye mulimupatia mufuko ya feza ya bote aibebe, kubeba haimufanye kuwa mwenye feza. Sheria ya familia ya 1987, ile bale badepite balirekebisha 2016, inasema likidatere ni mwenye myaka mingi kati ya bale banaoriti, na kama yeye hataki, banaoriti benyewe banachagua mwengine. Banaoriti, sikilizeni, haiseme familia nzima chini ya bashi, haiseme mwenye anajua Kifaransa.

Na mu kesi yetu kulikuwa kitu ingine ambayo iliniumiza nilipoielewa. Ile nyumba haikukuwa ya baba, ilikuwa bado ya nkambo. Nkambo hakuacha bibi, bandugu bake bote balikuwa bamekwisha kufa, aliacha batoto bane: baba yetu, baba mudogo, na bashangazi babili. Batoto bote ni sawasawa mbele ya sheria, mwanaume na mwanamuke, mwenye kuolewa na mwenye hajaolewa. Donke nyumba ilikuwa mafungu ine. Fungu ya baba, kwa kuwa alikufa, inashuka kwetu batoto bake. Baba mudogo alikuwa na haki yake, sitaki muende kusema nilimuita mwizi wa kila kitu, fungu moja kati ya ine ilikuwa yake kabisa. Lakini bashangazi, hakuna hata mumoja aliyewauliza! Banasema baliolewa, banakula kwa bwana zao. Na mwenye myaka mingi kati ya bale batatu balibakia hai alikuwa nani? Shangazi mukubwa. Kwa sheria likidatere angekuwa ule mama, mwenye siku ile ya ine alikuwa mu jiko anapika bukari ya bantu ba kilio.

Bon, tuhesabu, juu bila hesabu hii mambo inabakia mu hewa. Tuchukue familia ingine, baba na mama balioana ku eta sivile, ile ofisi ya kuandikisha ndoa na batoto, hawakuchagua rejime yoyote, ni kusema namna ya kuchunga mali mu ndoa, basi sheria inawaweka mu ile ya kugawana vyenye balipata pamoja mu ndoa. Balinunua parseli mu ndoa, baba anakufa, parseli inauzwa dolari 24,000. Ya kwanza kabisa, mbele ya neno uriti kutoka mu kinywa ya muntu, 12,000 ni ya mama. Si zawadi, si huruma ya bashemeji, ni yake, alikuwa nayo tangu bwana yake iko hai. Inabakia 12,000, hiyo sasa njo uriti. Batoto banachukua robo tatu, 9,000, kama biko sita kila mumoja 1,500. Robo inabakia, 3,000, inakatwa kwa makundi tatu: mama mujane, wazazi ba marehemu, na bandugu bake, kila kundi 1,000. Kama bandugu ni bane, kila mumoja anapata 250. Mumesikia? Ule baba mudogo au baba mukubwa mwenye anakuja na kufuli kufunga chumba, mwenye anamwambia mujane utoke kesho, fungu yake mu ile nyumba ya 24,000 ni dolari 250. Na mama mujane tena iko na haki ya kubakia mu nyumba yenye aliishi na bwana yake. Banamutoa kwa nguvu gani?

Ila kama nyumba ilikuwa ya nkambo na baba aliiriti tu, ile nusu ya kwanza ya mama haiko, juu hawakuipata pamoja. Musichanganye, bengi banachanganya hapa na banapoteza kesi.

Batoto ba inje: sheria inawahesabia sawa na bengine, lakini lazima baba awe aliwatambua akiwa hai. Ba papa munanisikia, kama uko na mutoto inje, nenda ku eta sivile leo, usiache mutoto aende kubishana juu ya damu yake mbele ya sanduku yako.

Sasa karatasi. Udongo ni wa Serikali tangu sheria ya 1973, sisi tuko na konsesyo, haki ya kuutumia, na ya muntu Mukongomani inaweza kuwa ya milele na inashuka ku batoto. Lakini haki ile inaonekana kwa kitu moja tu, sertifika ya anrejistrema. Livrete ya lojere kama hii yangu, fishi ya parseli ya ku komine, fakture za REGIDESO ya maji na SNEL ya umeme, ni vizuri, muzichunge, zinasaidia kuonyesha nani aliishi pale, lakini sertifika njo inashinda. Na hapa niko naomba munyamaze kidogo, ba mama na ile batoto: sertifika ikishapita miaka mibili, hauwezi tena kuivunja. Utabakia kuomba feza ya kukulipa hasara, na feza utamuomba muntu mwenye alikwisha kuikula. Miaka mibili inapitaka haraka sana, mwaka moja ni kilio, kutoa matanga, kutafuta minervale, feza ya masomo ya batoto, na wa pili tunasema tungojee baba mudogo ataongea.

Sisi tulifika ku tribinali mwezi wa kumi na tisa kisha ile sertifika kutoka. Sertifika ikavunjwa. Shangazi mukubwa akawa likidatere, muntu mwenye hajui kusoma, lakini kila mwezi aliita batu bote, akaweka feza ya balokatere, bale bapangaji, ku meza, tukahesabu mbele yake, kila mumoja anatia kidole. Ule papa mwenye alinunua, alikuwa ameshajenga ukuta ya matofari, iko pale mupaka leo, na kesi yake na baba mudogo haijaisha, na mimi namuonea huruma kweli juu alitoa feza yake yote bila kuuliza jirani hata mumoja.

Ndiyo mama, wewe wa kitambaa ya kijani, uliza. ... Ah. Anasema bwana yake alikufa mwaka jana mu mwezi wa tisa, shemeji alichukua karatasi zote ku sanduku akisema anaenda kuzitengeneza, na hajui kama zimegeuzwa jina. Mama, hiyo njo mwaka haujatimia, muda iko. Kesho asubuhi unaenda ku biro ya konservatere, mwenye kuchunga sertifika za parseli, na namba ya parseli yako, unaomba bakuonyeshe mu kitabu sertifika iko mu jina ya nani. Hauna namba? Iko ku fakture ya REGIDESO? Basi fungua hiyo sasheti, leta hapa, tuangalie pamoja.