Kombora Lisilo na Maandishi: Namna ya Kulitambua Bila Kuligusa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka kazini mkapita msongamano wa Thika Road.

Swali ninaloletewa sana hapa Nairobi ni hili. Mtu ana picha ya kombora la mzinga la zamani, chuma kizito kilicholiwa na kutu, hakina namba wala nembo ya kiwanda, naye anataka kujua kilikuwa cha jeshi gani. Mara nyingi kimeonekana upande wa Taita Taveta, huko Maktau au Salaita, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana hadi mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kisha anauliza: nikikisugua kwa brashi ya waya, maandishi si yatatokea?

Hapana. Nawasihi, msisugue. Alama nyingi za makombora zilipakwa kwa rangi tu, na rangi ndiyo hutangulia kutoka. Kilichobaki ni umbo, na umbo lina habari nyingi.

Tazameni karibu na kitako cha kombora la mzinga. Utaona mkanda wa shaba umezunguka mwili wake. Shaba ni laini. Kombora linapopita ndani ya mtutu, mitaro ya mtutu huukata mkanda huo na kulifanya kombora lizunguke. Mkanda ukiwa hauna mikato, kombora halijafyatuliwa. Ukiwa na mikato ya mshazari, limefyatuliwa. Na hapa ndipo watu wanapokosea vibaya sana. Wanasema, "Limeshapigwa, limekwisha." La hasha! Fyuzi, yaani kifaa kinachowasha mlipuko, mara nyingi hujiandaa kulipuka kwa kule kusukumwa na kuzungushwa mtutuni. Kombora lililopigwa likaanguka bila kulipuka limefika hatua ya mwisho kabisa ya kazi yake, limekwama hapo. Lile lenye mikato ndilo la kuogopwa zaidi, ingawa hata lenye mkanda usio na mikato lina baruti yake tumboni.

Mikato hiyo hiyo ndiyo ushahidi wa mtaalamu. Chukueni mfano wa meli mbili. HMS Pegasus ya Waingereza ilizamishwa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 na meli ya Wajerumani, SMS Königsberg, ambayo nayo iliangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga ya meli zote mbili iliopolewa, ikatumika nchi kavu. Mliofika Fort Jesus kule Mombasa mmeiona. Mzinga wa Pegasus una mtutu wa kipenyo cha inchi 4, yaani milimita 101.6. Wa Königsberg ni milimita 105. Tofauti haifiki milimita 4, na kutu huvimbisha chuma, kwa hiyo kipimo peke yake kinaweza kukudanganya. Mtaalamu huhesabu mikato, hutazama upana wa mkanda na umbo la fyuzi, ndipo atamke.

Mtaalamu, nimesema. Wewe na mimi tunaishia kwenye picha ya mbali. Kutu haiui baruti. Baadhi ya makombora ya Waingereza ya enzi hizo yalijazwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa na metali fulani huzaa chumvi zinazoweza kulipuka kwa msuguano mdogo. Msuguano, yaani brashi ya waya, msasa, au gunia linalorushwa ndani ya matatu. Nawafikiria vijana wetu wa chuma chakavu pale Gikomba, wanaonunua kwa kilo na kukata kwa moto bila mtu yeyote kuwaambia walichoshika. Hilo linaniuma.

Wakusanyaji wenzangu, kuna sababu nyingine ya kukiacha kilipo. Kombora lisilo na maandishi hutambulika nusu kwa umbo na nusu kwa mahali: limelala upande gani wa kilima, limeelekea wapi, lina kina gani udongoni. Likishaletwa Nairobi, ile nusu ya pili imepotea.

Kwa hiyo ukikiona, simama. Piga picha kutoka ulipo, weka alama ya njia uliyopitia, rudi kwa nyayo zako, zuia watoto na mifugo, kisha piga 999 au nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Waeleze urefu wake kwa makadirio, na kama uliona mkanda wa shaba.

Sasa nipokee maswali.