Adrian Lam: kutoka jezi namba 7 hadi benchi la makocha Uingereza

Ndugu zangu wa nyumbani, karibuni. Leo ni raga, lakini siyo ile mnayoijua ya Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji 7. Huku kaskazini mwa Uingereza, Wigan, St Helens, Leigh, watu wanaishi kwa raga ya wachezaji 13, inaitwa rugby league. Trai, yaani kuulaza mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni pointi 4, siyo 5. Ukikabwa ukaangushwa, hakuna kurundikana kugombania mpira: unainuka, unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anaokota. Lakini mnaruhusiwa kukabwa mara 6 tu, kisha mpira unakuwa wa wapinzani. Ndiyo maana lazima awepo wa kuhesabu, na huyo ni namba 7. Ya tano ikipita naye hajaamua ampe pasi nani au apige teke wapi, mmeupoteza mpira bure.

Adrian Lam alikuwa mtu huyo. Alizaliwa Rabaul, Papua New Guinea, mwaka 1970, akakulia Brisbane. Akachezea klabu ya Sydney Roosters, akavaa jezi ya Queensland, jimbo la Australia, na katika Kombe la Dunia la 2000 akaiongoza Papua New Guinea akiwa nahodha hadi robo fainali. Mwaka uliofuata akahamia Wigan, na 2002 wakatwaa Challenge Cup, kombe la mtoano la raga hii, kwa kuwafunga St Helens 21-12.

Wapo wanaosema mchezaji hodari hawi kocha hodari. Kwa namba 7 mimi sikubali kabisa. Huyu amezoea kuwapanga wenzake 12 huku mijitu ya kilo mia na ushei inamjia. Lam alianza na timu ya taifa lake, Kombe la Dunia la 2008, halafu mwaka 2019 akarudi Wigan, safari hii kocha mkuu.

Fainali ya ligi kuu, Super League, mwaka 2020 ilimuumiza. Wigan na St Helens, 4-4, honi ya mwisho imeshalia lakini mpira bado unachezwa. St Helens wanapiga dropgoli kutoka mbali, mpira unagonga mlingoti, unadunda, na kijana Jack Welsby anauwahi anaulaza chini. 8-4. Teke lililokosa ndilo lililoleta trai!

Hiyo dropgoli mnaiona rahisi, ni pointi 1 tu. Mpigaji anauangusha mpira, unagusa ardhi, anaupiga unapoanza kuinuka. Ugumu uko kabla ya hapo. Kwanza wenzake wanaukimbiza mpira hadi katikati, usawa wa milingoti, maana ukipiga kutoka pembeni lango linakuwa jembamba. Kisha aliyeangushwa ainuke haraka. Akichelewa, walinzi wanakuwa wamejipanga. Halafu namba 9, yule anayeokota mpira, atoe pasi iliyonyooka, ifike kifuani. Ikifika magotini, mpigaji anainama, mdundo unaharibika, na mabeki wawili waliosimama mbele ya mpira wanamfikia na kuuzuia kwa mikono.

Baada ya msimu wa 2021 Lam aliondoka Wigan, akaenda Leigh, hapo jirani tu, klabu iliyokuwa imeshuka daraja. Wapo waliodhani amejishusha. Mwaka 2022 akaipandisha kwa kuwafunga Batley 44-12 kwenye fainali ya daraja la pili.

Agosti 2023, Wembley, fainali ya Challenge Cup dhidi ya Hull KR. Dakika za mwisho Hull KR wanasawazisha, 16-16. Wanaingia muda wa ziada ambao pointi ya kwanza inamaliza mechi. Anayepiga dropgoli ni namba 7 wa Leigh, Lachlan Lam, mtoto wa kocha. 17-16! Kombe la kwanza kama hilo kwa Leigh tangu 1971, na Lachlan akapewa Lance Todd Trophy, tuzo ya mchezaji bora wa fainali.

Mkiipata video ya mechi, msikimbilie teke. Rudisheni nyuma kidogo, mhesabu kukabwa moja moja, mtazame mpira unavyosogezwa na mahali Lachlan anaposimama kuusubiri.