Kershaw Kafika 3,000 Akiwa na Mkono Uliochoka

Habari za saa hizi ndugu zangu. Huku ndiyo kwanza kunakucha, huko najua alasiri inakwisha na wengine mko kwenye daladala. Shikamooni wakubwa, vijana wenzangu mambo. Leo msiniulize viza, msiniulize kodi ya nyumba California. Leo ni besiboli mwanzo mwisho. Na yule ndugu yangu wa Mbezi anayependa kuandika "mchezo gani huo, watu wamesimama tu", kaa hapohapo, leo nina kazi na wewe.

Jana usiku, tarehe 2 Julai 2025, kwenye uwanja wa Dodger Stadium hapa Los Angeles, Clayton Kershaw, mrushaji wa timu ya Dodgers, kamtoa mpigaji wake wa 3,000 kwa straikauti. Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anasimama kwenye kilima kidogo, mita kama 18 hivi kutoka kwa mpigaji mwenye rungu. Mpigaji akipiga hewa, au akiuachia mpira mzuri upite, hiyo ni straiki. Zikifika tatu, anarudi kukaa benchi. Sasa fanya hivyo kwa watu 3,000, kwenye ligi kuu, watu ambao kazi yao ya mshahara ni kukupiga wewe.

Ligi hii ina zaidi ya karne, na waliofika hapo ni 20 tu. Wa mkono wa kushoto ni wanne: Steve Carlton, Randy Johnson, CC Sabathia na huyu. Halafu chuja tena: waliofika bila kuwahi kuvaa jezi ya timu nyingine ya ligi kuu ni watatu, Walter Johnson, Bob Gibson na Kershaw. Hapo ndipo aliponikamata mimi. Huo ulikuwa msimu wake wa 18, klabu ileile. Sisi tunaujua usajili wa kwetu, mtu leo yuko Msimbazi anabusu nembo, kesho yuko Jangwani anabusu nyingine.

Mimi jana nilikuwa kazini. Wanaonifuatilia mnajua kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na mzee ninayemhudumia zamu za usiku anaishabikia Dodgers tangu ilipohamia huku kutoka Brooklyn mwaka 1958, yeye akiwa mtoto. Haangalii mechi bila daftari lake na penseli. Kila straikauti anaandika herufi K. Kama mpigaji hakuzungusha rungu, kasimama tu akahukumiwa, K inaandikwa imegeuka, mgongo huku miguu kule. Besiboli nimefundishwa na lile daftari, sijafundishwa na televisheni.

Basi bwana. Kershaw kaanza mechi akiwa na 2,997. Mtu unasema tatu tu, hizo atazimaliza kabla chai haijapoa. Huyu si ndiye mwaka 2014 aliwatoa 15 katika mechi moja dhidi ya Colorado, na hawakumpiga hata hiti moja, yaani hakuna aliyeupiga mpira akafika kituoni salama? Lakini usiku ule alikuwa na miaka 37. Mgongo umemsumbua miaka, bega limepasuliwa mwishoni mwa 2023, mwaka 2024 goti na kidole cha mguu, msimu wa 2025 karudi uwanjani Mei. Mpira wake wa kasi haukuwa tena na kasi ya ujana. Na Chicago White Sox, timu iliyokuwa mkiani, wakampiga kweli. Awamu ya tatu (mechi ina awamu tisa) kamtoa Miguel Vargas, aliyewahi kuwa mwenzake hapahapa Dodgers. Kisha kimya mpaka ya tano, Lenyn Sosa. 2,999. Kufikia hapo kesharuhusu pointi nne na mkono umerusha mipira 92. Siku hizi makocha hawasubiri hata hiyo 92, wanamtoa mtu mapema. Kocha wake, Dave Roberts, akamwacha. Alipopanda kilimani awamu ya sita, watu zaidi ya elfu 50 wote wamesimama.

Hapo katikati kukatokea balaa. Michael A. Taylor wa White Sox akajaribu kuiba kituo cha tatu, yaani kukikimbilia bila mpira kupigwa, akateleza mpaka kwenye mguu wa Max Muncy, mlinzi wa kituo hicho wa Dodgers. Taylor katoka, lakini Muncy yuko chini ameshika goti. Uwanja mzima ukanyamaza. Mzee wangu kafunika daftari kabisa, anasema hii siku imeharibika.

Akaja mpigaji Vinny Capra. Straiki mbili, mpira mbovu mmoja. Kershaw kanyanyua mikono yote miwili juu kichwani kama kawaida yake, mguu ukaganda kidogo, akaachia slaida, mpira unaokata pembeni, ya kilomita kama 137 kwa saa ikagusa ukingo wa nje. Capra hakutikisika. Mwamuzi akamhukumu. Mpira wa 100 wa usiku ule! Mimi nimeruka, mzee haruki, yeye kafungua daftari, kaandika K iliyogeuka, kaizungushia duara, kisha kaniagiza chai.

Na mechi Dodgers walishinda 5-4, Freddie Freeman kaimaliza awamu ya tisa. Ingekuwa aibu kupoteza usiku kama ule.

Sasa wewe wa Mbezi, na wenzako wa huku pia wanaosema "Kershaw Oktoba anayeyuka". Ni kweli, mtoano wa Oktoba umemtesa. Mwaka 2023 dhidi ya Arizona kamtoa mtu mmoja tu na karuhusu pointi sita, niliangalia kupitia vidole. Ubingwa wa 2020 aliushinda kwa mkono wake, wa 2024 aliupokea akiwa majeruhi. Nakubali yote. Lakini kwangu mimi 3,000 ya jana imenoga kwa sababu haikuwa nzuri. Yule kijana wa 2011 aliyeokota Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, angeimaliza kazi kwenye awamu mbili, na tungesahau mapema. Huyu wa jana kapigwa, kapigwa tena, kachoka, akarudi kilimani kuifuata ileile moja.

Jambo jingine ambalo wengi huko hamlijui. Mwaka 2011 yeye na mkewe Ellen walikwenda Zambia, majirani zetu kabisa, wakaanza kuchangisha pesa za kujenga nyumba ya yatima Lusaka. Msimu huo aliahidi dola 100 kwa kila straikauti. Akapiga 248. Kwa hiyo ndani ya zile 3,000 ziko ambazo zimegeuka matofali Lusaka. Na klabu yenyewe mwaka 2022 iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Msiseme besiboli haituhusu.

Nimalizie na ubishi, maana najua mnaupenda. Wa 21 ni nani? Msiniambie Justin Verlander wala Max Scherzer, hao walishafika zamani. Chris Sale mwaka 2025 kavuka 2,500, ila mwili wake nao ni kioo. Gerrit Cole kapasuliwa kiwiko, msimu mzima wa 2025 alikuwa nje. Vijana wa sasa wanarusha kwa nguvu zote tangu mpira wa kwanza, viwiko vinakatika, na wakifika awamu ya tano wanatolewa. Mimi naweka karata yangu kwa Sale. Mzee wangu anasema hafiki, na tumewekeana donati. Andikeni hapo chini mko upande gani, mimi nakwenda kulala, zamu inaanza saa mbili usiku.